Nyumba ya zamani Tabora: paa limetoboka, madirisha yamelegea. Naanza na kipi?

MjukuuWaGongoni

Salaam wakuu. Naomba ushauri wa mafundi wanaozijua nyumba za tofali mbichi.

Nyumba iko Tabora mjini, haina mtu. Urefu mita 14, upana mita 9, na upande wa mashariki kuna baraza la mita 2 lenye kapaa kake chini ya paa kubwa. Kuta zina unene wa sentimita 45, ni tofali mbichi zilizopigwa lipu ya chokaa. Upande wa magharibi lipu imebanduka na udongo umeanza kuliwa na mvua. Paa ni la pande mbili, bati la zamani la migongo, zito, ila limejaa matundu. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ni 10 za mninga, moja kila mita moja na nusu hivi. Nne kati ya hizo ncha zake zimeliwa na mchwa pale zinapokaa ukutani. Kwenye dari kuna popo, na nadhani kuna nyuki pia.

Madirisha 11 ya mbao, kila moja mapanga (mbawa za kufungua na kufunga) mawili ya vioo na mengine mawili ya mbao kwa nje. Vizingiti vya chini vimeoza, fremu nyingine zimepinda. Mlango mkuu una nakshi na bado mzima.

Wengi wananiambia nibomoe nijenge ya bloku. Sitaki. Fedha inaingia kidogo kidogo, kwa hiyo nataka kujua mpangilio: paa kwanza au madirisha? Na je, naweza kuezeka bati jipya juu ya mbao zilezile?

---

Fundi_Kenchi

Dada, tofali mbichi ya sentimita 45 ikikaa kavu haina neno. Kinachoiua ni maji yanayoingia kutoka juu. Kwa hiyo paa kwanza, lakini usikimbilie bati. Ukiezeka bati zuri juu ya kichwa cha ukuta kilicholainika, utalivua tena.

Tabora mvua inaanza kushika Novemba na kukatika Aprili, na wewe una Mei hadi Septemba. Mei na Juni: kuvua, kukagua na kujenga vichwa vya kuta. Julai: mbao. Agosti: bati. Karakana ya madirisha ifanye yake pembeni muda huohuo. Kabla ya hapo, kama Mei bado iko mbali, nunua turubai na ufunike sehemu zenye matundu makubwa, na upige mirunda chini ya zile kenchi nne. Kila mrunda uusimamishe juu ya kipande cha ubao mpana, maana juu ya sakafu ya udongo peke yake utazama.

Ukaguzi wa mbao si wa macho. Chukua bisibisi nyembamba na nyundo. Gonga: mninga mzima unalia kavu, uliotafunwa ndani unatoa sauti ya debe lenye pumba. Kisha choma kwa bisibisi hasa sehemu tatu: ncha zinazoingia ukutani, maungio, na chini ya kila tundu la bati. Mchwa hali kiini cha mninga kirahisi. Anachokula ni ile nyama nyeupe ya nje, na mara nyingi boriti inaonekana imekwisha kumbe ukiichonga unakuta kiini chekundu kimesimama inchi tatu. Usitupe.

Zile ncha nne: kata sehemu mbovu, na uendelee kukata sentimita 30 ndani ya mbao nzima. Unganisha kwa mbao mbili za mninga za inchi 2x6, moja kila upande wa kenchi, zipite kiungo kwa sentimita 60 au zaidi. Bolti nne za milimita 12 kwa kila upande wa kiungo, na washa za mraba za sentimita 5, kwa sababu washa ndogo ya duara inazama kwenye mbao. Tundu la bolti lisikaribie ncha ya ubao chini ya sentimita 8.5, la sivyo ubao unapasuka kufuata uzi wake. Na misumari: mninga mkavu wa miaka hiyo unapinda msumari kama waya. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba kidogo kuliko msumari.

Kosa linaloangusha mapaa ya aina hii wakati wa ukarabati ni kuvua bati lote kwa siku moja. Bati la zamani ndilo lililokuwa linazishika kenchi zisilale. Ukilitoa lote zinaweza kulaliana moja baada ya nyingine kama fito. Kwa hiyo kabla ya kung'oa msumari wa kwanza, piga mbao za mshazari kutoka kenchi hadi kenchi, pande zote mbili, kisha vua kuanzia kofia (bati la kilele cha paa) kushuka.

Sasa hesabu. Nimechukua mwinuko wa nyuzi 25, wewe upime wako. Nusu ya upana ni mita 4.5, weka mita 0.6 za kutokeza nje ya ukuta, urefu wa mteremko unakuwa mita 5.63. Bati mbili za mita 3 zikilaliana sentimita 20 zinakupa mita 5.8, zinatosha. Urefu wa paa ni mita 14 na sentimita 30 kila upande, yaani 14.6. Bati la migongo likilalia mgongo mmoja na nusu linafunika sentimita 75 hivi, kwa hiyo mistari 20. Mistari 20, mara bati 2, mara pande 2, ni bati 80. Baraza, mistari 20 ya bati za mita 2.5. Ongeza nne kubwa na moja ndogo za dharura.

Geji 28. Usishawishike na geji 30 kwa sababu ya rangi. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na kwenye nyumba hii fundi atalikanyaga mara nyingi akirekebisha kofia.

Papi (mbao zinazopigiliwa bati) za 2x3, zisimame kwa upana wake, kila sentimita 80. Hiyo ni mistari 8 kila upande na 4 ya baraza, jumla mistari 20, mita 292. Hapa watu wengi hukosea. Ukigawanya kwa ubao wa futi 12 (mita 3.66) unapata 80. Lakini kiungo cha papi lazima kiangukie juu ya kenchi, na kenchi zako zimeachana mita 1.55, kwa hiyo kila ubao unafanya kazi mita 3.1 tu. Kila mstari unakula mbao 5. Nunua 100, na vipande vitakavyobaki ni vya kushikia papi zisipinduke.

Misumari ya bati yenye raba: minne kwa kila bati katika kila papi, kama 1,600. Upige juu ya mgongo wa bati, usipige bondeni maji yanakopita. Ukiona raba imetokeza pembeni kama ulimi, umeukaza mno na itapasuka kwa jua.

Kuhusu popo: wanapita kwenye mwanya wa sentimita moja na nusu. Ziba kwa wavu wa matundu ya milimita 6, jioni wakishatoka, na uhakikishe hakuna watoto wa popo ndani. Kinyesi chao usikifagie kikiwa kikavu. Kirowanishe kwa bomba la kunyunyizia, vaa barakoa nzuri, vumbi lake linaharibu mapafu. Nyuki ni kazi ya mrina asali, na Tabora hao hamkosi.

---

Mwashi45

Fundi hapo juu amemaliza ya mbao. Mimi naongeza jambo moja: mwaga ringi bimu (mkanda wa zege) juu ya kuta zote, sentimita 45 kwa 20, nondo nne za milimita 12. Bila zege hilo paa halina pa kushika, na kuta zitaendelea kuachana kwenye kona.

---

UdongoMbichi_Ujiji

Mwashi, nakubaliana nawe kwamba kuta zifungwe pamoja. Huku kwetu upande wa ziwa ardhi inatikisika mara kwa mara na ukuta usiofungwa juu unafunguka konani. Zege ndilo ninalolikataa. Bimu ya 45 kwa 20 ina uzito wa zaidi ya kilo 210 kwa kila mita moja, na unaimwaga mbichi juu ya udongo unaokunywa maji yake. Tofali ya juu inageuka tope, ikikauka inasinyaa, na bimu inabaki imekalia vipande vipande. Baadaye maji yakipenya yananaswa chini yake, na ufa wa mlalo unauona mstari mmoja kuzunguka nyumba.

Kwa ukuta wa udongo tumia mtambaapanya wa mbao uliosukwa kama ngazi: mbao mbili za mninga 2x4 zikilazwa sambamba, moja sentimita 5 ndani ya uso wa nje wa ukuta, nyingine vivyo hivyo ndani, na vipande vya kukingama kila sentimita 60. Kwenye kona zipishane nusu kwa nusu na bolti katikati, kisha ubao wa mshazari. Jaza nafasi za ngazi kwa udongo uleule wa tofali uliochanganywa na majani yaliyokatwa mafupi. Kabla ya hapo vua safu mbili au tatu za tofali za juu zilizolegea na ujenge upya kwa tofali mbichi zilizokauka walau wiki nne. Usiweke bloku za saruji hapo. Zina ugumu tofauti na zitaachana na udongo.

Sasa kushika paa. Bati la geji 28 lina uzito kama kilo 4 kwa mita ya mraba, na pamoja na mbao paa zima halifiki 20. Upepo wa dhoruba wa kilomita 108 kwa saa unaweza kuvuta juu kwa nguvu kama ya kilo 54 kwa mita hiyohiyo, na pembeni mwa paa zaidi. Kila mwisho wa kenchi unabeba kama mita 8 za mraba, kwa hiyo kuna karibu kilo 270 zinazotaka kupaa. Mtambaapanya uliopigiliwa misumari juu ya tofali mbili utaondoka nao.

Dawa yake ni uzito wa ukuta wenyewe. Sentimita 60 chini ya kichwa cha ukuta, chini ya kila kenchi, toboa tundu linalopita upande wa pili. Pitisha waya wa geji 8 uliopakwa zinki, mizunguko miwili, uzungushe juu ya mtambaapanya na mguu wa kenchi, kaza kwa kusokota kwa kipande cha nondo. Chini ya waya, ndani ya tundu, weka gongo fupi la mninga ili waya usikate udongo kama uzi unavyokata sabuni. Kipande cha ukuta kinachoshikwa hapo, 45 kwa 60 kwa mita moja na nusu, kina uzito wa karibu kilo 690. Hicho hakipai.

Hili ni muhimu hasa kwa wenye matembe, zile nyumba za jadi za paa bapa la udongo. Lile paa la udongo la sentimita 15 lilikuwa na kilo zaidi ya 200 kwa kila mita ya mraba, likikandamiza kuta zisitikisike. Ukiliondoa ukaweka bati, umeondoa mzigo uliokuwa unaishikilia nyumba. Matembe mengi yaliyoezekwa bati hayakufungwa, ndiyo maana unaona mawe juu ya paa.

Na paa la baraza linapokutana na ukuta: msizibe kwa saruji. Saruji mbichi inakula zinki, ikikauka inapasuka, na ufa uleule unapeleka maji ndani ya udongo. Chonga mfereji wa sentimita 2.5 ukutani, ingiza bati lililokunjwa, kaza kwa kabari za mbao, funika kwa chokaa na mchanga moja kwa tatu.

---

Mwashi45

Hoja ya maji ya zege naikubali. Ila ngazi ya mbao ndani ya udongo ni karamu ya mchwa.

---

UdongoMbichi_Ujiji

Ndiyo, ukitumia mbao nyeupe. Kiini tupu cha mninga, au msindano (paini) uliotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, ule wa kijani. Ukiukata, paka dawa kwenye mkato, kwa sababu katikati dawa haikufika. Halafu acha ukanda wa sentimita 30 wa ardhi tupu kuzunguka nyumba, bila maua wala kifusi, ili njia za udongo za mchwa zionekane zikianza kupanda ukutani. Ila kwenye tofali mbichi hupanda pia katikati ya ukuta usiwaone, kwa hiyo kagua kichwa cha ukuta kila mwaka kabla ya mvua.

---

RandaNaPatasi

Nije kwenye madirisha, maana yamesahaulika.

Usiyang'oe kabla ya kuangalia kizingiti cha juu. Kwenye nyumba hizi juu ya dirisha kuna miti au mbao za mninga zilizolala ndani ya ukuta, na dirisha likipinda mara nyingi kosa ni la hiyo miti na siyo la fremu. Nyosha uzi chini yake. Ikiwa katikati imeshuka zaidi ya sentimita moja na uzi ni wa urefu wa mita 1.2, weka nguzo, badilisha miti mmoja mmoja kuanzia wa ndani, na kila mpya ukalie ukuta sentimita 25 kila upande. Ukitoa yote kwa pamoja ukuta wa juu unakufuata.

Fremu sasa. Pima mishazari miwili, kona hadi kona. Tofauti ikiwa chini ya milimita 10, fremu inanyooka kwa kuilegeza, kuivuta kwa kamba iliyosokotwa na kupiga kabari mpya. Zaidi ya hapo, ifungue kwenye maungio. Hizi zimeungwa kwa ndimi na vigingi vya mbao, hazina gundi: toboa kigingi, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, inaachia. Andika namba kwa tindo kwenye kila kipande, dirisha la 1 hadi la 11, kwa sababu hakuna mawili yanayolingana hata kama yanafanana kwa macho.

Kizingiti cha chini kilichooza kinabadilishwa kizima. Tumia mninga wa 3x6, wenye mteremko kwenda nje, sentimita 1 kwa kila 8. Chini yake, sentimita 2 kutoka ukingo wa nje, chimba mfereji wa upana wa milimita 10 na kina cha 6. Mafundi wa sasa wanauruka kwa sababu hauonekani. Bila huo tone linatambaa chini ya ubao hadi ukutani, na ule udongo ulioliwa chini ya madirisha ya magharibi ndiyo kazi yake. Miguu ya fremu ikioza chini tu, kata kwa mshazari wenye urefu mara tatu ya unene wa mbao, ili maji yatiririke nje, uunge kipande kipya kwa gundi isiyoogopa maji na vigingi viwili.

Mninga ununue mkavu. Ubao wa inchi moja unahitaji kama mwaka mmoja kivulini, ukipangwa kwa vijiti ili hewa ipite. Ukitengeneza dirisha Machi kwa mbao mbichi, Agosti ya Tabora itaufungua kila muungo. Kinyume chake, ukitengeneza Agosti ukabana panga lifunge sawasawa, Januari halifunguki. Acha milimita 3 kuzunguka kila panga. Dai risiti na hati ya kusafirishia mbao pia, mninga bila karatasi utakuletea usumbufu njiani.

Rangi ya zamani usiichome moto wala kuipiga msasa mkavu, huenda ina madini ya risasi. Lowesha, kwangua, kusanya magamba kwenye karatasi, watoto wakae mbali.

Vioo: ukikuta kila panga lina vioo vitatu, ni 66. Tumia vya milimita 3, kila kimoja kikatwe kidogo kwa milimita 3 kuliko nafasi yake. Paka kwanza rangi ya msingi kwenye mfereji wa kioo, la sivyo mbao inanyonya mafuta ya puti na puti inakauka kama biskuti. Puti unaweza kuikanda mwenyewe: chaki laini kilo 12 hadi 13 na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) lita 2.4, inatoka kama kilo 15 na inatosha vioo hivyo. Iache wiki mbili kabla ya rangi, kisha rangi ipande juu ya kioo milimita 2. Hizo milimita 2 ndizo zinazozuia maji yasipite nyuma ya puti.

Bawaba na makomeo usiyauze chuma chakavu. Loweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, sugua kwa brashi ya waya. Chuma cha zamani ni kinene kuliko chochote utakachopata dukani leo.

Kuzirudisha fremu ukutani: kabari, halafu nyuzi za katani zilizochovywa kwenye chokaa zijazwe pengoni, na lipu ya chokaa juu. Na usirudishe hata moja kabla paa halijaisha. Kenchi zikipata mzigo mpya kuta zinakaa upya kidogo, na dirisha lililokuwa linafunga linaanza kukwama.

---

MjukuuWaGongoni

Asanteni sana, nimechapisha yote. Mambo mawili. Fundi wa hapa anataka kupaka mbao zote oili chafu dhidi ya mchwa. Na kuna mtu anautaka ule mlango wa nakshi, anasema atanipa bei ya paa zima.

---

Fundi_Kenchi

Oili chafu inakaa juu juu, haizami. Mchwa anaingia kwenye ufa wa kwanza ubao ukikauka, wewe umebaki na paa linalowaka haraka na mbao zisizoshika rangi tena. Kama mbao ni kiini haihitaji, kama ni nyeupe haitaiokoa.

---

UdongoMbichi_Ujiji

Mlango usiuguse. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940, bila kujali nyumba ni ya nani. Nyumba yenyewe inalindwa moja kwa moja ikiwa ilijengwa kabla ya 1863. Yako kwa kenchi zake na bati zito huenda ni ya baada ya reli, ambayo ilifika Tabora 1912, lakini mlango unaweza kuwa ulitoka nyumba ya zamani zaidi. Piga picha, peleka kwa watu wa Mambo ya Kale; kuna makumbusho Kwihara, siyo mbali nawe. Kibali cha ukarabati nacho upitie Manispaa kabla ya Mei.

Kitu kimoja ambacho hakijatajwa ni gata. Upande wa magharibi wa paa lako, ukipimwa kwa mlalo, ni mita 74 za mraba. Mvua moja ya milimita 50 inamwaga lita 3,700 chini ya ukuta huohuo uliokwisha kubanduka. Bomba la inchi 4 linatosha upande huo, lakini weka mawili, moja kila kona, gata iteremke sentimita 1 kwa kila mita 2. Mdomo wa bomba usiishie ukutani. Mfereji wa mawe uyapeleke maji mita 2 mbali, au kwenye simtanki kama unalo.

---

RandaNaPatasi

Na gata ipigwe kwenye fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) ya mbao nzima, siyo ile ya zamani iliyopakwa rangi juu ya uozo. Ikijaa maji mita moja ya gata ya inchi 6 ni kama kilo 9.